Gemu Aliyotusomea Fundi

"Huyu mtu yako, yeye nataka nini?"

Swali lilikuwa hilo tu. Fundi aliliuliza akiwa ameinama juu ya padi ya kuchezea gemu iliyofunguliwa, bila hata kunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na laptop yangu na digrii yangu niliyoipata miezi minne iliyopita, nimetoka kumwonyesha gemu niliyoihangaikia mwaka mzima: msichana anayetembea kutoka mpakani mpaka Juba. Ramani niliichora mwenyewe. Nilimweleza kwamba msichana huyo anaweza kubeba vitu kumi na viwili, kwamba kiu yake inapanda kila baada ya hatua mia mbili, kwamba vita vinapiganwa kwa zamu. Fundi alipuliza vumbi ndani ya padi.

"Hiyo nimesikia. Mimi nauliza, yeye nataka nini?"

"Anataka kufika."

"Kila kitu nataka kufika. Hata lori nataka kufika."

Nilifunga laptop nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa natunga majibu makali ambayo yote, nikiyatazama leo, yalikuwa ni njia tofauti za kusema kwamba sijui. Nimemkasirikia mtu huyo kwa miaka. Nikianza kumweleza mtu habari zake kwa upole, hasira huingia kabla sijamaliza sentensi ya pili, kwa hiyo nimeamua kuiacha iingie.

Mtaa wetu wa Hai Mauna, hapa Juba, wote ulimwita Fundi. Jina lake ninalijua ila siliandiki hapa. Ipo gemu moja, nitaifikia, yenye orodha ndefu ya majina mwishoni, na lake halimo. Kama halikustahili kuwepo kule, basi na hapa lisiwepo.

Alikuwa Mganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kiganda hasa, kisichojali ngeli wala nafsi. Alinicheka kwa kile changu cha Nakuru. "Kenya naongea kama redio," alikuwa anawaambia wateja. Kenya nilikuwa mimi. Kuna wengi wetu Juba, watoto wa hapa tuliolelewa kule, lakini kwake mimi ndiye niliyekuwa Kenya, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imemtumia mwakilishi mmoja, naye mkorofi.

Chumba chake kilikuwa kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Mabati juu, mabati pembeni, televisheni tatu. Mbili zilikuwa za mpira, na hizo ndizo zilizolipa kodi. Ya tatu, ndogo, yenye mstari wa kijani upande wa kushoto usiotoka hata ukiipiga kofi, ilikuwa ya Safari.

Safari ni jina tuliloipa sisi. Jina halisi lilikuwa limeandikwa kwenye diski kwa Kijapani, na maneno yote ndani ya gemu yalikuwa ya Kijapani vilevile. Ilikuwa gemu ya zamani, ya aina ile ambayo huchezi dakika kumi ukajua umeshinda au umeshindwa. Unakuwa mtu. Unatembea kijiji hadi kijiji, unaongea na watu, unapigana na majoka, unapata nguvu kidogo kidogo, na kufika mwisho kunadai saa themanini. Nani Hai Mauna alikuwa na saa themanini? Watu walikuwa na nusu saa. Na kadi ya kuhifadhia ilikuwa imejaa timu za mpira, ikabakiza nafasi moja tu kwa ajili ya Safari.

Basi mtaa mzima ulikuwa na shujaa mmoja.

Sijawahi kusikia mahali pengine walipocheza hivyo. Huko duniani kila mtu ana safari yake, anaihifadhi kivyake. Kwetu ulikuwa unapokea. Unaingia, unasimama karibu na televisheni ndogo, na kabla hujashika padi Fundi anakueleza tulipofika: "Tumevuka mto. Tumepoteza farasi. Huyu mzee ya kofia usimwamini, juzi amedanganya sisi." Unacheza nusu saa yako, unahifadhi, unaondoka, na mwingine anapokea mtu yuleyule pale ulipomwacha, na majeraha uliyomsababishia. Fundi hakuandika popote. Yote yalikuwa kichwani mwake, pamoja na nani alifanya nini.

Siku moja mwendesha boda mmoja aliuza ngao ya fedha ambayo tulikuwa tumeitafuta tangu Pasaka. Aliiuza ili anunue majani ya dawa. Wenzake waliposikia, chumba kilitaka kuvunjika.

"Majani! Ameuza ngao anunue majani!"

"Malesh, msameheni jamani, alikuwa anaumwa!"

"Nani anaumwa? Ni gemu, bwana!"

"Wewe juzi ulilia farasi alipokufa, leo unaniambia ni gemu?"

Wakataka afukuzwe. Fundi aliinua mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kikombe chake cha chai, ile chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kinasita. "Padi ilikuwa mkono ya nani? Yake. Mwenye padi nakosa, sisi wote nakula hiyo makosa. Kalas, imekwisha. Nani anapokea?" Na mtu mwingine akapokea, bila ngao, tukateseka wiki tatu kwenye milima ya barafu, na yule mwendesha boda alikuja kila siku kuangalia, hakucheza, mpaka tukavuka.

Sasa, habari ya kusoma. Fundi alisema Kijapani alijifunza zamani, alipofanya kazi na wahandisi wa kigeni. Kwa hiyo alisimama nyuma ya mchezaji na kutusomea. Kila mtu kwenye gemu alikuwa na sauti yake. Mfalme aliongea kama mkuu wa kata aliyecheleweshewa chakula. Wezi waliongea Kiarabu cha Juba kama vijana wa soko la Konyokonyo. Na kulikuwa na Mama wa Kisima.

Huyu alikuwa kimama kifupi kilichochorwa kwa vidoti vya skrini, kitambaa chekundu kichwani, amesimama kando ya kisima katika kijiji cha tatu. Ukimsogelea, kisanduku cha maneno kinafunguka, na Fundi anashusha sauti: "Mwanangu, karibu maji. Wewe natoka mbali. Huko njiani hukuona mtoto yangu? Iko mrefu. Iko na alama hapa kwa shingo. Alienda na vita." Unabonyeza. "Mimi najua nyinyi nachoka na swali yangu. Kunywa tu maji." Ukirudi tena, anauliza tena. Ikawa desturi: ukipokea safari, hata kama tumeshafika mbali kiasi gani, kwanza unarudi kumsalimia Mama wa Kisima. Kuna watu walitumia dakika kumi na tano za nusu saa yao kwa kurudi tu. Muuza chai wa pale nje, mama wa makamo ambaye hakuwahi kushika padi maishani mwake, alikuwa akiingia na birika lake, anauliza: "Yule mama, mtoto amerudi?"

"Lisa," anajibu Fundi. Bado.

"Mungu yupo," anasema muuza chai, na anatoka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ninayebishana na padri, niliyemuuliza mwalimu wa historia kwa nini kila vita kwenye kitabu chake vilikuwa na mshindi, sikumuuliza Fundi hata siku moja anisomee neno moja la Kijapani lililokuwa nje ya gemu.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alihubiri subira, lakini jenereta ikizima alitukana kwa lugha nne. Alisema uongo ni dhambi mbaya kuliko wizi, na papo hapo akamwambia mteja umeme "iko njiani nakuja" akijua kabisa kwamba mafuta yamekwisha. Alichukia vitu vipya, lakini ndiye wa kwanza Hai Mauna kufunga sola kwenye paa. Diski zilizokwaruzika alizisugua kwa dawa ya meno, taratibu, kuanzia katikati kwenda nje, na akimaliza alifanya ishara ya msalaba. Ukicheka alikutoa nje. Ukimwita Mzee alikutoa nje pia.

Hakueleza sababu za lolote. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu mimi bila sababu sili hata chakula. "Ukitoa sababu," alisema, "watu naacha jambo naanza kupigana na sababu." Aliponikataza kukaa kiti cha karibu na mlango, hakueleza. Siku paa lilipodondosha maji juu ya kiti hicho, hakusema "nilikuambia." Alisogeza ndoo kwa mguu.

Niliporudi kutoka chuo, ugomvi wetu ukawa mmoja na haukuisha. Mimi nilitaka tutengeneze gemu mpya. Yeye alitaka tuitengeneze upya Safari.

Wazo lilikuwa lake. Diski ilikuwa imechoka, dawa ya meno haikusaidia tena, na Safari ilianza kuganda katikati ya sentensi. Mimi nilijua kuandika programu. Rafiki yangu Keji, wa mtaa wa Kator, alijua kuchora. Kwa nini tusiijenge tena kutoka mwanzo, kwa Kiswahili chetu, icheze kwenye simu?

"Kwa sababu ni ya watu wengine!" nilimwambia. "Majumba yao, majoka yao, barafu yao. Wewe umewahi kuona barafu nje ya kreti ya soda? Hata huko kwenye makampuni makubwa wanarudia gemu za zamani kwa woga. Wanaogopa kitu kipya kisinunuliwe. Wao wana vya kurudia. Sisi hatujatengeneza hata moja, tunaanzaje na marudio?"

"Huko wao narudia kwa sababu wameshiba. Watu ya hapa hata hiyo ya zamani hawajamaliza."

"Ndiyo tuwape chakula cha jana?"

"Kenya, hapa mpya imejaa. Nchi mpya. Mradi mpya. Bango mpya. Onyesha mimi moja ya zamani ambayo iko nafanya kazi."

Keji alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitafuta kichwani kitu kimoja cha zamani kinachofanya kazi Juba, ukiacha mto na kanisa kuu, nikakosa. Lakini kukosa jibu hakumaanishi kwamba mwenzako ana haki. Nilisema hivyo. Akaniambia nimshikie taa.

Hata hivyo alinisaidia. Naandika hili kwa shida, lakini ni kweli. Kila jioni baada ya kazi aliicheza gemu yangu, ile ya msichana anayetembea, dakika kumi, na kila mara aliniuliza swali lilelile, huyu nataka nini, mpaka wiki moja nikakaa na mama yangu jikoni nikamuuliza yeye alipotembea akikimbia vita alitaka nini. Mama akafikiri. Akasema alitaka kujua kama alifunga mlango. Nyumba ilikuwa imeshaungua, alijua imeungua, lakini njia nzima mpaka mpakani alikuwa anajiuliza kama alifunga mlango. Nikarudi nikabadilisha gemu yote. Msichana wangu akawa na ufunguo. Nilipomwonyesha Fundi, aliicheza nusu saa nzima, kisha akarudisha simu. "Sasa iko mtu," alisema.

Basi unaelewa kwa nini nilidhani yuko upande wangu.

Ofisi moja ya shirika, mtaa wa Thongpiny, ilitangaza kwamba itachukua kikundi kimoja cha vijana wenye gemu. Miezi sita ndani ya jengo lao: kompyuta nzuri, umeme usiokatika, intaneti, na mtu wa kutufundisha. Kikundi kimoja tu. Kwa mtu anayeandika programu kwa sola ya jirani, akisimama kila wingu linapopita, hiyo ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Hapakuwa na nyingine. Masharti yalitaka kikundi chenye mahali pa kazi panapojulikana, na mwenye mahali hapo ndiye awe msemaji. Kwa hiyo Fundi akawa msemaji. Fomu niliijaza mimi, kurasa kumi na moja, nikaandika gemu yangu. Tulifanya mazoezi siku nne. Fundi alijua kila kitu: msichana, ufunguo, mto, kituo cha ukaguzi ambapo hupigani bali unasubiri.

Siku ya mkutano alivaa shati jeupe. Kulikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na mama mmoja wa ofisi aliyeongoza, mtu wa kwetu aliyekulia Kenya kama mimi, mwenye sauti ya upole. Akamwambia Fundi aanze.

Fundi akasimama, akasema: "Sisi nataka kutengeneza upya gemu ya zamani. Inaitwa Safari."

Nilidhani ni utangulizi. Haukuwa utangulizi. Aliwasimulia Safari yote: mfalme, farasi, ngao, Mama wa Kisima. Aliwafanyia sauti. Mwanamume mmoja kwenye meza alivua miwani akafuta macho. Yule mama wa ofisi alifungua karatasi zetu.

"Na hii ya msichana anayetembea, iliyoandikwa hapa?"

"Hiyo hakuna," alisema Fundi. "Hiyo iko tu kwa karatasi."

Nikasimama. "Si kweli, madam. Iko. Imefika nusu, ninayo hapa."

"Kenya," alisema Fundi bila kugeuka, "kaa chini."

Nikakaa. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ninalolikumbuka mpaka kwenye magoti: kwamba nilikaa.

Walichukua Safari. Walisema tayari ina watu wanaoipenda. Nje ya geti nilimshika mkono wa shati lile jeupe.

"Kwa nini?"

Alitazama barabara.

"Fundi, nakuuliza kwa nini!"

"Nenda nyumbani. Fanya kazi yako."

"Kazi gani? Umeiua mbele yangu!"

Akaondoa vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole uliozidi kunitia wazimu, akavuka barabara.

Nilijitoa kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Keji alibaki, na sikumlaumu. Alihitaji kuchora zaidi ya alivyohitaji kukasirika. Mimi nilitaka kitu kimoja: kuthibitisha kwamba alichokiuza Fundi ni marudio matupu. Nikaitafuta Safari kwenye mtandao, nikaipata imetafsiriwa kwa Kiingereza na wapenzi wake, nikaanza kuicheza kutoka mwanzo, kalamu mkononi.

Kijiji cha tatu, kisima, kitambaa chekundu. Nilimsogelea Mama wa Kisima nikabonyeza. Alisema: kulala usiku mmoja ni sarafu nane. Nikabonyeza tena. Alisema: karibu tena.

Alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Hana mtoto. Mfalme ambaye kwetu alimfukuza shujaa kwa wivu, kumbe alikuwa anaeleza namna ya kufungua ramani. Yule mzee wa kofia hakudanganya mtu. Alikuwa anauza kofia. Nilicheza siku tisa na sikukuta hata sentensi moja ambayo Fundi alitusomea. Hakujua Kijapani hata chembe.

Nilikwenda chumbani kwake saa nane mchana, pakiwa pamejaa, maana nilitaka pawe pamejaa.

"Hukujua kusoma hata neno moja! Yule mama anasema bei ya chumba! Sarafu nane! Miaka yote hiyo watu wanarudi kumsalimia, anawaambia bei ya chumba!"

Televisheni za mpira zikanyamaza moja baada ya nyingine. Fundi alikuwa na diski mkononi.

"Mimi nasoma uso yake," alisema.

"Uso gani? Ni vidoti kumi na kitambaa!"

"Hata hivyo."

Nikageukia watu, nikingoja wakasirike pamoja nami. Aliyeongea ni muuza chai, akiwa mlangoni na birika lake.

"Ya bit, wewe binti, nani amekuuliza?"

"Mama, amekudanganya. Mtoto hakuwepo. Hakuna mtoto aliyepotea."

Akaweka birika chini. "Hakuna mtoto aliyepotea?" alisema. "Hapa Juba?"

Sikurudi tena pale. Lakini akili yangu haitulii, ikaanza kunisumbua kwa mahesabu yake. Kama Safari yote ilikuwa ya Fundi, basi alichotaka tukirudie hakikuwa marudio. Kilikuwa kipya kuliko changu. Mtu huyu aliyenihubiria uzee wa vitu alikuwa ametunga hadithi kwa mdomo miaka kumi, mbele ya mashahidi, akaificha ndani ya diski ya wenyewe. Nilifikia uamuzi, na niliuamini kwa miaka: alikuwa mwoga wa kuiita yake, na mwenye wivu wa kuacha yangu ipite. Kulikuwa na mlango mmoja. Alinisukuma akapita yeye.

Gemu ilitoka. Niliipakua siku ya kwanza, kwa chuki. Michoro ya Keji ilikuwa mizuri kupita kiasi. Majoka yalikuwa yameondolewa, kwa kuwa watu wa ofisi walisema yanachochea ukatili. Mfalme alikuwa anagawa vyandarua. Na Mama wa Kisima, amevaa kitambaa chake chekundu, alikuuliza kama umenawa mikono. Ukijibu vizuri anakupa nyota. Mwishoni palipita majina: wakurugenzi, washauri, waratibu, hata dereva. Fundi hayumo. Nilicheka, peke yangu, kwa sauti, na kicheko chenyewe sikukipenda.

Kufikia hapo chumba cha Hai Mauna kilikuwa kimegeuzwa ghala la saruji. Nilimkuta Fundi miaka mitatu baada ya mkutano ule, Kator, upande wa nyuma wa kanisa kuu, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Alikuwa anatengeneza redio na taa za sola. Amekonda. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa spika za masikioni.

"Kenya," alisema, kana kwamba nilitoka kununua sukari nikarudi.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Nikafungua gemu ya ofisi kwenye simu, nikaipeleka hadi kisimani, nikamsomea. Umenawa mikono? Nikampitishia majina yote, taratibu, mpaka la dereva.

"Umeona? Walikuibia. Wamekuibia yote, na jina lako hawakuweka."

"Nani ameiba? Mimi natoa."

"Ulitoa! Uliwapa Mama wa Kisima wamfanye hivi?"

Alichukua simu, akamtazama yule mama kwa karibu, akapangusa kioo kwa kidole gumba. Kwa muda kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwenye nyumba ya ndugu akaambiwa amehama. Kisha akanirudishia.

"Ile ya kwako," alisema. "Ya msichana. Iko?"

"Iko. Karibu nimalize. Nimeijenga kwa sola, wingu kwa wingu, miaka mitatu, asante kwako."

"Iko wapi?"

"Kwenye laptop yangu."

"Iko ya nani?"

Nilidhani umri umeanza kumchezea. "Ni yangu, Fundi. Ya nani tena?"

"Kwes," alisema. Vizuri. Akachukua bisibisi, akarudi kwenye redio yake. "Kwes sana."

Nilisimama pale nikingoja aombe radhi. Alikuja mteja na taa. Nikaondoka, na nilikuwa na hasira mpaka nyumbani, na sikumwona tena. Alirudi kwao Uganda kabla ya mvua, na nambari yake haipatikani.

Mwaka jana Keji alikunywa chai na yule mama wa ofisi, ambaye sasa ameacha kazi ile, na mama huyo ndiye aliyemweleza, bila kujua kwamba sisi hatukuwa na habari. Siku moja kabla ya mkutano, Fundi alikwenda Thongpiny peke yake. Alikaa kwenye benchi la walinzi tangu asubuhi mpaka mama huyo alipotoka kwenda kula, akamuuliza gemu ikishaingia humu inakuwa ya nani. Akajibiwa kwa uaminifu: ya ofisi, hadithi na watu wake wote, hata kikundi kikiondoka; imeandikwa ukurasa wa mwisho wa fomu. Fundi akamshukuru. Kisha akauliza kama kikundi kinaruhusiwa kubadilisha gemu siku yenyewe, na akaambiwa kinaruhusiwa.